Mheshimiwa Waziri, Muda Unamtetea Aliyemficha Mtoto

Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu watoto wanaofichwa na wazazi wao wenyewe. Ndoa imevunjika, au wawili waliokuwa wakiishi pamoja wameachana, kisha mmoja anamchukua mtoto na kwenda naye kusikojulikana. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii hadi nilipostaafu, na katika mashauri yote yaliyopita mezani pangu, haya ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Kwingine mkosaji akikosa hupoteza kitu. Hapa anapata, na anazidi kupata kadiri anavyokawia kupatikana.

Jambo lenyewe huanza kimyakimya. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki vinatoweka kabatini kabla mtoto hajatoweka. Halafu siku ya Ijumaa mtoto anachukuliwa shuleni na mtu ambaye mwalimu anamjua vizuri, hivyo hana sababu ya kumzuia. Au anakwenda likizo kwa bibi, na likizo haiishi. Simu inazimwa. Mzazi aliyebaki anapiga kwa wifi, kwa shemeji, kwa mshenga aliyeisimamia ndoa yao, na kila mmoja anasema hajui lolote.

Akifika polisi anaulizwa: aliyemchukua ni nani? Akijibu kuwa ni baba yake, au ni mama yake, kalamu inawekwa chini. "Hayo ni ya kifamilia, kamalizaneni nyumbani." Mwenye bahati anapewa RB, namba ya taarifa yake, na kuelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto, ambako afisa mwenye moyo atajaribu kupiga namba ambayo haipatikani.

Sipendi kumtwisha lawama askari wa zamu. Ameachiwa sheria yenye mwanya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali mikononi mwa mtu mwenye haki ya kisheria ya kukaa naye. Katazo hilo ni jema, ila linamfaa zaidi yule aliyekwisha kupata amri ya mahakama. Wazazi wengi wa nchi hii huachana bila karatasi. Mmoja hufungasha nguo akarudi kwao, wazee wakakaa kikao, mtoto akabaki pale alipokuwa, na hakuna hakimu aliyetamka neno. Siku mtoto anapotoroshwa, askari anaona wazazi wawili wenye haki sawa, na mmoja wao yuko na mwanawe. Anafunga daftari.

Lakini nchi yetu imekwisha kuahidi vingine. Mwaka 2003 Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na Ibara ya 29 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuzuia utekaji na usafirishaji haramu wa watoto unaofanywa na mtu yeyote, wakiwemo wazazi na walezi wao wa kisheria. Wazazi wametajwa wazi. Waafrika walioandika mkataba huo walijua kwamba anayemtenga mtoto na mzazi wake anaweza kuwa mzazi mwenzake, na hawakuliacha jambo hilo likafie sebuleni.

Basi mzazi anakwenda mahakamani. Anafungua maombi, wito unatolewa, na wito unarudi: mjibu maombi hakupatikana. Inapangwa tarehe nyingine. Mtendaji wa kijiji fulani anaandika kwamba mtu huyo hafahamiki pale. Muhula wa shule unapita, masika yanapita. Na ni hapa, Mheshimiwa, ndipo sheria yenyewe inapoanza kumfanyia kazi aliyejificha.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote. Kinasema ichukuliwe kuwa ni heri kwa mtoto aliye chini ya miaka saba kukaa na mama yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na papo hapo kinamtaka hakimu azingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ni kanuni ya busara. Nimeitetea katika taarifa nyingi nilizopeleka mahakamani, kwa sababu mtoto anayehamishwahamishwa huacha kumwamini mtu yeyote.

Sasa itazame kanuni hiyohiyo kwa mtoto aliyefichwa. Amechukuliwa akiwa na miaka minne, anapatikana ana sita na nusu. Ana shule mpya na marafiki wapya, pengine hata jina jipya katika rejesta ya darasa. Anamwita mama yule aliyemkuta katika nyumba hiyo. Aliyemzaa ameambiwa amekufa, au amekwenda Uarabuni akamsahau. Afisa ustawi wa jamii anafika na kumuuliza angependa kukaa na nani, maana sheria inamtaka hakimu asikilize pia matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kueleza maoni yake. Mtoto anasema hataki kwenda kwa mtu asiyemfahamu. Anasema kweli. Afisa anaandika alichosikia, naye anaandika kweli. Hakimu anasoma taarifa na kuona kwamba kumhamisha tena kutamjeruhi, na huenda naye hajakosea. Kila mtu ametimiza wajibu wake kama sheria inavyomwelekeza, na mwisho wa yote mtoto anabaki kwa yule aliyemwiba.

Mzazi mwenzake anapewa ruhusa ya kumtembelea. Nimewahi kuzisimamia ziara kama hizo katika ofisi ya wilaya. Mama anakuja na gauni alilolishona kwa kipimo cha mtoto wa miaka minne.

Kuna imani moja inayochochea sana utoroshaji, na Wizara yako inaweza kuipunguza kwa maelezo tu. Watu wanaamini kwamba mtoto akitimiza miaka saba sheria inamkabidhi kwa baba. Sheria haisemi hivyo. Baada ya miaka saba dhana ya kumpendelea mama inakoma, na mahakama inapima hali zote za mtoto bila kuanza na upande wowote. Hata hivyo nimewaona wanaume wakihesabu miezi, na juma la kutimiza miaka saba wakatokea na bodaboda mbili, wakiamini kwa dhati kwamba wanakwenda kuchukua kilicho chao. Katika koo zinazofuata upande wa baba imani hiyo ina mizizi mirefu, na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliipa nguvu ya maandishi. Wazee wa ukoo wanaomficha mtoto kwa zamu, wiki hii kwa baba mkubwa, wiki ijayo kwa shangazi, hawajioni kama wahalifu. Wanaona wanailinda damu yao. Ndiyo maana sitaki barua hii isomwe kama ombi la kuwajaza watu magerezani. Mtoto aliyerudishwa kwa mama huku baba akipelekwa gerezani ameporwa mzazi kwa mara ya pili.

Ninachoomba ni kwamba kumficha mtoto kusiwe na faida. Sheria iseme kwa maneno yasiyo na utata kwamba muda uliopatikana kwa kumficha mtoto hauhesabiki kuwa utulivu wa mtoto, na kwamba aliyeuchuma muda huo hawezi kuutumia kama hoja ya kukaa naye. Pia maombi ya kumrejesha mtoto pale alipokuwa akiishi yawe shauri la peke yake, litangulie mabishano ya nani ana haki ya malezi, na lisikilizwe kwa wiki chache. Arudi kwanza kwenye shule na kitanda chake. Mengine wazazi watabishana mbele ya hakimu, mtoto akiwa mahali panapojulikana. Dar es Salaam tayari ina Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia masuala ya familia, na pangefaa kuanzia hapo.

Najua utaulizwa, na ni haki uulizwe: vipi kuhusu mama anayekimbia kipigo? Wengi wanaoondoka na watoto usiku wanaondoka ili wasiuawe. Nimempokea mama aliyefika ofisini na mtoto mgongoni na jino mkononi. Sheria itakayomwita huyo mtekaji na kumrudisha mtoto kwa aliyemng'oa mama yake jino siitaki, na nitakuwa wa kwanza kuipinga. Lakini inawezekana kumlinda bila kumlinda kila anayejificha. Mzazi anayekimbia hatari apewe siku chache za kumweleza afisa ustawi wa jamii au Dawati mahali alipo na sababu za kuondoka. Anwani yake ifungwe, mwenzake asiione, lakini mahakama iijue. Anayekimbia kipigo atalipokea hilo kwa shukrani, kwa kuwa anautafuta mkono wa serikali. Anayemkomoa mwenzake hatakuja, na kutokuja kwake kutamsaidia hakimu kumwelewa.

Swali hilohilo limeusumbua pia Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unaohusu watoto wanaotoroshwa kuvuka mipaka ya nchi, ambao Tanzania haijajiunga nao. Mkataba huo unamhusu mtoto aliye chini ya miaka 16. Kila nchi mwanachama huwa na mamlaka kuu ya kupokea maombi, na mahakama ya nchi alikopelekwa mtoto huamua tu kama arudishwe alikokuwa akiishi, mzozo wa malezi ukasikilizwe huko. Zikipita wiki sita bila uamuzi, mahakama inaweza kutakiwa kueleza sababu. Afrika Kusini imo tangu 1997 na Zambia tangu 2014. Kenya na Uganda hazimo, kama sisi. Leo mtoto akivushwa Tunduma, mzazi wa Mbeya hana mlango wa kubisha upande wa pili ingawa Zambia wanao, kwa kuwa sisi hatumo. Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba, na wa kuufikisha huko ni Serikali.

Tukijiunga, tujiunge macho yakiwa wazi. Uchunguzi wa mashauri ya mwaka 2015 chini ya mkataba huo ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya waliowachukua watoto walikuwa mama zao, na wapo akina mama wanaosema wanakimbia ukatili. Ibara ya 13 inairuhusu mahakama kukataa kumrudisha mtoto panapokuwa na hatari kubwa kwake, na namna ya kuitumia ibara hiyo penye ukatili wa nyumbani ndiyo iliyowakutanisha wataalamu Sandton, Afrika Kusini, mwezi Juni 2024. Mkataba una kasoro nyingine inayogusa moja kwa moja ninachokulilia. Ukipita mwaka mmoja kabla ya maombi kufunguliwa, na ikathibitika mtoto amezoea makazi mapya, wajibu wa kumrudisha unalegea. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mwaka huo unaendelea kuhesabiwa hata pale ambapo mzazi alishindwa kufungua maombi mapema kwa sababu mwenzake alimficha mtoto. Hata mkataba ulioandikwa kuwazuia watoroshaji unaweza kumtuza aliyejificha vizuri. Kwa hiyo kuuridhia peke yake hakutoshi. Sheria yetu ya ndani ndiyo itakayoziba pengo hilo, kwa mtoto aliyefichwa ng'ambo ya mpaka na kwa aliyefichwa wilaya ya jirani.

Wilaya ya jirani ndiko walikofichwa wengi niliowatafuta, Mheshimiwa. Hawakupanda ndege. Walipanda basi la alfajiri, wakaandikishwa darasa la pili katika shule nyingine kwa maelezo kwamba uhamisho utaletwa baadaye. Mwalimu mkuu alimpokea mtoto kwa huruma, maana hataki kumfukuza mtoto anayetaka kusoma. Asimfukuze. Ampokee, kisha atoe taarifa kwa afisa ustawi wa jamii wa kata pale uhamisho unapochelewa na mzazi mmoja hajulikani alipo. Hilo peke yake lingewafichua wengi kuliko msako wowote.

Mabadiliko ya sheria yatachukua vikao. Mengine hayahitaji kusubiri Bunge. Kwa kushauriana na mwenzako wa Mambo ya Ndani, upo uwezekano wa kutoa mwongozo kwa vituo vyote vya polisi kwamba taarifa ya mtoto aliyetoweka na mzazi ipokelewe na iandikwe siku hiyohiyo, amri ya mahakama iwepo au isiwepo. Mtoto atafutwe, aonwe kwa macho na afisa kuwa yu hai na salama, kisha mahakama ijulishwe alipo. Askari hatakiwi kuamua nani mwenye haki. Anatakiwa kujua mtoto yuko wapi.

Kwa niliyoyaona kazini, likizo ya Desemba ndiyo majira ambayo watoto huchukuliwa wasirudishwe. Naomba mwongozo huo uwafikie wakuu wa vituo kabla shule hazijafungwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa Ustawi wa Jamii mstaafu,
Morogoro