Usingizi wetu unauzwa kando ya Ziwa Nzilo



Lile tangazo mnalolisikia kila jioni mbele ya habari, mimi ndiye ninayelisoma. Linawaita watu waende kulala usiku mmoja kijijini, kwenye nyumba ya wageni kando ya Ziwa Nzilo: hewa safi, utulivu, samaki aliyetoka majini leo leo. Nalisoma kwa sauti tamu, maana tangazo linalipwa na redio yetu inaishi kwa makuta hayo.

Mwezi uliopita mwenye nyumba alitualika waandishi watatu, bure, tuje tujionee. Nilikwenda. (Mafuta ya motoka tulichangia wenyewe, lakini hayo tuyaache.) Sitawadanganya: pale ni pazuri. Nilikula bukari na samaki na sombe, nikakaa nje mpaka wavuvi waliporudisha mitumbwi yao na giza likashika ziwa lote. Saa tatu ya usiku nilikuwa nimelala.

Niliamka jua limekwisha kutoka, na jambo la kwanza nililofanya ni kupapasa ukuta. Mtu wa Musonoi atanielewa. Sisi tunaamka tukitazama ufa wa jana umefika wapi leo. Ukuta ule haukuwa na ufa hata mmoja. Shuka halikuwa na vumbi. Usiku kucha hakuna baruti iliyolia, hakuna kamioni iliyopita. Nikauliza bei ya chumba kwa mtu anayelipa: dola 70 kwa usiku mmoja.

Basi nikajiuliza, dola 70 ni za nini? Kitanda ninacho nyumbani. Samaki wa Nzilo tunawanunua sokoni. Kinachouzwa pale ni ukimya, na hewa isiyoleta kikohozi. Vitu hivyo viwili vilikuwa vyetu, na hakuna aliyevinunua kwetu. Vilichukuliwa tu.

Wazee wa hapa wanajua. Union Minière ndiyo iliyojenga Musonoi kwa ajili ya wafanyakazi wake, na mwaka 1967 ikawa mali ya serikali, baadaye ikaja kuitwa Gécamines. Sisemi ilikuwa paradiso. Ilikuwa kambi, yenye king'ora na wakubwa wa kambi. Lakini mfanyakazi aliyetoka zamu ya usiku aliweza kulala mchana. Ilipofika 2003, Gécamines ikawaacha wafanyakazi zaidi ya 10 000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, wengi walibaki katika nyumba hizi kwa sababu ndizo mali pekee waliyoipata maishani. Kisha kampuni mpya zikaja, na karieri zikaanza kusogea kwenye madirisha.

Kuna wakubwa wanaosema utalii ndio mkate wa kesho wa Lualaba, kwa sababu shaba na kobalti vitakwisha. Pengine ni kweli. Mwenye nyumba ile ya wageni sina ugomvi naye: amewapa vijana wa kijiji kazi, na wavuvi wana mteja wa karibu. Ugomvi wangu ni na karatasi.

Nasema karatasi ile wanayoleta wakati wa kuhesabu lupango. Nimeisoma ya jirani mmoja, mstari kwa mstari. Vyumba vimehesabiwa. Milango, choo, hata mti wa avoka umehesabiwa. Usiku haumo. Miaka ambayo mama huyo aliamka na watoto baruti inapolipuka haimo. Alipokea makuta, hayakutosha kununua kwingine, akapanga chumba kimoja kando ya barabara kubwa ambako kamioni za madini zinapita mpaka asubuhi. Alihama kutoka kelele akaingia kelele, safari hii akiwa mpangaji.

Wala si yeye peke yake. Mnawakumbuka waliotolewa Kasulo mwaka 2017, baada ya kobalti kuonekana chini ya nyumba zao. Septemba 2023 Amnesty International, pamoja na IBGDH ya hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu wanaoondolewa kwa sababu ya migodi. Cité Gécamines, yenye watu wapatao 39 000, imo ndani yake. Hakuna anayeweza kusema hakuambiwa.

Na sheria ipo. Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya wote, na kwa fidia ya haki inayotolewa kabla. Kabla, wandugu, maana yake si baada ya tingatinga kupita. Na kanuni za migodi za 2018 zina sehemu nzima juu ya namna ya kuhamisha watu na kuwaweka upya.

Kwa hiyo, wewe ambaye hawajafika kwako, nunua daftari leo. Andika saa ambayo baruti inalia, kila siku. Piga ufa picha, weka tarehe. Siku tume itakapoingia lupango lako usisaini peke yako. Ita majirani, na kama karatasi ni ya Kifaransa, dai mtu akusomee kwa Kiswahili mpaka mwisho. Halafu uliza mstari wa usingizi uko wapi. Watacheka. Wakicheka, waambie Nzilo unajulikana bei yake, dola 70 kwa usiku mmoja, na wewe umekosa usiku wa miaka mingapi. Hata wakikataa kulipa, dai liandikwe, na nakala ubaki nayo. Wewe ambaye umekwisha kuhamishwa, daftari lako lianze na tarehe uliyotoka na kiasi ulichopewa.

Tangazo linarudi hewani leo jioni. Nitalisoma kama kawaida, maana limelipiwa. Likiisha, mbele ya habari, nitasoma kifungu cha 34, kwa sauti ile ile, na nimemwambia mkuu wangu hivyo. Bado hajanijibu.