Staa akigoma, kocha asikimbilie rungu

Mei 13, 1994, Chicago Bulls na New York Knicks zilikuwa 102-102, mechi ya mtoano, zimebaki sekunde 1.8. Kocha Phil Jackson akaamua shuti la mwisho apige Toni Kukoc. Scottie Pippen, staa wa timu tangu Michael Jordan aende kucheza besiboli, akapangiwa kurusha pasi tu. Akagoma. Akabaki benchi kabisa!

Jackson hakubembeleza wala hakubadili mpango. Akaingiza mtu mwingine, Kukoc akafunga, ikawa 104-102.

Kwenye soka tunajua kinachofuata. Staa anachanwa mbele ya waandishi, kesho yake anajifua peke yake, keshokutwa viongozi wana kikao. Jackson aliwaambia waandishi Pippen aliomba asihusike, akaishia hapo. Mengine akawaachia wachezaji. Chumbani mkongwe Bill Cartwright alisimama akamwambia Pippen alivyowaangusha, machozi yakimtoka. Maneno ya namna hiyo kutoka kwa mwenzako yanauma kuliko faini.

Pippen alikosea, hana utetezi. Lakini aliomba radhi, na mechi iliyofuata akacheza, akafunga pointi 25, Bulls ikashinda.

Knicks ndio waliosonga mbele, kwa mechi saba. Sawa. Ila Jordan aliporudi alimkuta Pippen yuleyule, na chini ya Jackson wakabeba mataji matatu mfululizo, 1996 hadi 1998. Angetimuliwa kwa hasira za sekunde 1.8, mataji hayo yangetoka wapi?