Tambo za Mabondia ni Suala la Afya



Wazazi wenye vijana wanaojifunza ngumi hupenda kuniuliza juu ya vipigo vya kichwani. Ni swali zuri. Lakini madhara mengine huanza kabla kengele haijalia: siku ya kupima uzito, mabondia wanapotazamana uso kwa uso, wakatambiana, wakatukanana na kutishana. Tumezoea kucheka na kusema kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Mimi kama muuguzi naona tambo hizo zinagusa afya, nasi katika familia tunapaswa kuwa na msimamo juu yake.

Sisemi ngumi ni mchezo mbaya. Titus Simba alituletea medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Tambo nazo zina mahali pake. Rashid Matumla alijiita "Snake Man", yaani mtu nyoka, na Francis Cheka akaitwa "SMG", jina la bunduki. Majina kama hayo huchangamsha ukumbi bila kumwumiza mtu.

Tuangalie kwanza kinachotokea mwilini. Mtu akitishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, mdomo hukauka, viganja hutoka jasho, tumbo huvurugika. Kwa muda mfupi hali hiyo ni msaada, maana huandaa mwili kupigana au kukimbia. Hofu ikidumu siku kadhaa, kijana hukosa usingizi na hamu ya kula. Na bondia mara nyingi amekwisha kujinyima chakula na maji ili afikie uzito unaotakiwa. Basi huingia ulingoni akiwa mkavu, mchovu na mwenye wasiwasi.

Mfano wa wazi ni wa Miami Beach, Marekani, tarehe 25 Februari 1964. Kijana wa miaka 22, Cassius Clay, ambaye baadaye aliitwa Muhammad Ali, alifika kupima uzito akipiga kelele kama mwenda wazimu mbele ya bingwa Sonny Liston. Daktari alimpima mapigo ya moyo akakuta 120 kwa dakika, wakati kwa kawaida yalikuwa 54. Watu walidhani anakufa kwa woga. Baadaye siku hiyohiyo mapigo yakarudi chini, na usiku Liston akabaki amekaa kwenye kiti chake, raundi ya saba isianze. Zile kelele zilikuwa hila. Lakini tazameni: hata yeye aliyekuwa akitisha, moyo wake ulilipa gharama.

Hila hiyo aliitumia tena Kinshasa, katika nchi jirani ng'ambo ya ziwa letu, iliyokuwa ikiitwa Zaire. Pambano lake na George Foreman lilipigwa usiku wa manane, tarehe 30 Oktoba 1974. Ali aliegemea kamba, akawa anamchokoza mwenzake kwa maneno ili azidi kukasirika. Foreman alirusha ngumi nyingi za hasira mpaka pumzi ikamwishia, akaangushwa raundi ya nane. Wengi huishia hapo na kusifu akili ya Ali. Mimi nakumbuka pia wimbo wa umati: "Ali, boma ye!" Wenye kujua Kilingala wanaelewa maana yake: Ali, muue. Maelfu ya watu walioketi salama walikuwa wakiimba hivyo.

Je, ni mzaha tu? Miaka 12 kabla ya hapo, New York, tarehe 24 Machi 1962, mzaha uligeuka msiba. Wakati wa kupima uzito, Benny Paret kutoka Cuba alimtukana Emile Griffith tusi la kudharau uanaume wake. Usiku ule, katika raundi ya 12, Griffith alimbana pembeni akampiga mfululizo kabla mwamuzi hajaingilia. Paret alizimia, hakuzinduka, akafariki tarehe 3 Aprili. Hatuwezi kusema tusi peke yake liliua, kwa maana Paret alikuwa ameangushwa vibaya katika pambano jingine mwezi Desemba 1961, na ubongo uliojeruhiwa unahitaji muda kupona. Lakini tusi lilitia hasira mahali palipohitaji kiasi. Griffith naye aliibeba huzuni hiyo miaka mingi.

Hoja yangu kubwa ni hii. Ubaya wa vitisho ni kwamba vinamfunga kijana mdomo. Akishaitwa mwoga mbele ya mtaa mzima, hatamwambia daktari kwamba kichwa kinamwuma tangu mazoezi ya juzi. Hatamwambia kocha kwamba anaona mawili mawili. Ataficha homa, ataficha kutapika, ili asichekwe. Tambo ya namna hiyo inamnyima mgonjwa nafasi ya kusema anaumwa, na sisi wauguzi tunajua kwamba ugonjwa uliofichwa ndio unaoua.

Mvuvi mzoefu wa Kibirizi akiona ziwa limechafuka harudi nyuma kuulizia wenzake watamwitaje. Anaacha mtumbwi ufukweni, kesho avue. Ndivyo alivyofanya kocha Eddie Futch huko Manila, tarehe 1 Oktoba 1975. Bondia wake Joe Frazier alikuwa amechokozwa na Ali kwa majina ya kumfananisha na sokwe. Baada ya raundi ya 14 macho yake yalikuwa yamevimba hata haoni vizuri, lakini bado alitaka kuendelea. Futch akakataa, pambano likaisha. Kwangu mimi huyo ndiye mtu shujaa wa siku ile.

Basi wazazi, mwanenu akitaka kucheza ngumi, msitazame misuli ya kocha tu. Mwulizeni kama amewahi kusimamisha pambano la kijana wake. Mwulizeni nani anampima kabla na baada. Akifundisha kutukana mama wa mtu au kabila la mtu, mtoeni mtoto huko. Na sisi watazamaji tushangilie ufundi, tuache kelele za "muue". Nyumbani, tumzoeze kijana kusema "leo sijisikii vizuri" bila kuchekwa na kaka zake.

Kijana akipigwa kichwani, katika ngumi au mpira, mwangalieni kwa saa 24 na zaidi, asilale peke yake usiku wa kwanza. Mpelekeni hospitali mara moja mkiona dalili hizi:

- kichwa kinazidi kuuma, au anatapika tena na tena;
- ana usingizi usio wa kawaida, ni vigumu kumwamsha;
- amechanganyikiwa, au maneno hayatoki vizuri;
- mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine;
- mkono au mguu umelegea, au anapata degedege;
- damu au maji yanatoka puani au masikioni.

Msimpe aspirini wala pombe, na asirudi ulingoni mpaka mganga amruhusu.

Maneno makali hayavunji mfupa, ni kweli. Lakini yanaweza kumzuia kijana kuuonyesha mfupa uliovunjika. Tuwape vijana wetu ruhusa ya kusema wanapoumia.