Karoti Nayo Ilikuwa Gugu

Asubuhi moja ya juzijuzi, kwenye meza za mboga Kariakoo upande wa Mtaa wa Mkunguni, kijana aliyetumwa na kamati ya harusi alilisukuma kando fungu la mnavu alilowekewa mbele. "Mama, hayo magugu wapelekee mbuzi," alisema. "Mimi nina wageni. Nipe karoti, kabichi na saladi." Mama wa watu akalirudisha fungu lake chini ya gunia bichi, akaanza kupima karoti. Mwandishi wa safu hii alikuwa hatua mbili nyuma yao, na hasira haijamtoka mpaka leo.

Kijana yule aliondoka na magugu matatu.

Karoti ya mwituni bado inaota kando ya barabara huko Ulaya na Asia. Mzizi wake ni mwembamba, mweupe na mgumu kama kijiti. Walioinenepesha na kuitia utamu ni wakulima wa Uajemi na Afghanistan, yapata miaka 1,000 iliyopita. Kabichi ilitoka kwenye mmea wa mwitu wa pwani za Ulaya na Mediterania, mmea huohuo uliozaa sukuma wiki, koliflawa na brokoli. Saladi ndiyo inayouma zaidi. Mzazi wake ni gugu lenye miiba na utomvu mweupe kama maziwa, chungu kweli kweli. Wamisri wa kale walikuwa wakilipanda tayari, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Sasa mtazame mchunga, unaochumwa vichakani na kuuzwa mafungu mafungu kuanzia Tanga hadi Unguja. Ni wa ukoo huohuo wa saladi, una utomvu uleule mweupe na uchungu uleule, hata wapishi wa Pwani huuchemsha na kumwaga maji ya kwanza kabla ya kutia nazi. Mchunga wa leo ndio saladi ya jana. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nao na kuchagua mbegu, msimu baada ya msimu.

Hata ugali una historia hiyo. Mahindi yalikuwa nyasi ya Mexico, na yapata miaka 9,000 iliyopita gunzi lake lilikuwa na punje chache tu, kila moja ndani ya ganda gumu la kuvunja meno. Oti, inayouzwa leo kwa bei ya juu kama uji wa wanaojali afya, ilianza kama gugu la kung'olewa katika mashamba ya ngano na shayiri. Na wasituambie kwamba kazi hiyo ni ya wageni. Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na ulezi ukatolewa kwenye nyasi za nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Nyasi ya mwituni hupukutisha mbegu zake zikikomaa. Waliovuna walirudi nyumbani na zile zilizong'ang'ania kwenye suke, wakazipanda, na watoto wao wakafanya vivyo hivyo. Hivyo ndivyo gugu linavyogeuka chakula, na bibi zetu waliifanya kazi hiyo bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Dharau hii inafundishwa. Kwa miaka mingi mtoto aliyechelewa shule amepewa adhabu ya kung'oa magugu, na hakuna mwalimu anayemwonyesha kwamba lile alilolishika mkononi ni mgagani, mboga inayostahimili jua kali lililokwisha kuikausha kabichi. Akikua anakuja Kariakoo kununua kwa macho ya adhabu ile. Na mama muuzaji, ambaye tayari anakimbizana na mgambo kwa sababu ya meza ya mbao tatu, anabeba na aibu ya mboga yake.

Kuna wanaojibu kwamba mnavu una sumu. Wakiulizwa wamejulia wapi, wanasema wamesikia. Sumu wanayoisema, solanini, imo katika matunda mabichi ya mnavu, na imo pia katika kiazi mviringo kilichogeuka kijani kwa kupigwa jua. Watu hao hao wanakula chipsi usiku wa Jumatatu mpaka Jumapili. Hoja ya namna hii haistahili hata kujibiwa mara ya pili.

Wenye akili wameshaanza. Kituo cha World Vegetable Center, kilichopo karibu na Arusha tangu 1992, kilikusanya mbegu za mboga zilizodharauliwa, kikazichambua, na mwaka 2011 zikaidhinishwa nchini aina mbili za mnavu, Nduruma na Olevolosi, pamoja na mchicha wa Madiira 1 na Madiira 2. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezitumikia mboga hizi maisha yake yote ya kazi. Alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa nyama, samaki, mayai na maziwa, na majani hayo ndiyo yaliyomkuza. Leo managu, yaani mnavu, na saga, yaani mgagani, zinauzwa katika supamaketi za Nairobi, na hakuna anayeona aibu kuzitia kwenye toroli.

Dar es Salaam inangoja nini? Mchunga bado unaokotwa kama ulivyoota. Watafiti wetu wauingize shambani, wachague usio mchungu sana na wenye jani pana, wauze mbegu yake kwenye pakiti katika maduka ya pembejeo ya Kariakoo, pale pale inapouzwa ya karoti. Kamati za harusi nazo ziweke sufuria moja ya mnavu wa nazi mezani. Na wewe unayekwenda sokoni Jumamosi, mwombe mama akutolee lile fungu alilolificha chini ya gunia.