Kocha Asiye na Mchezaji Hata Mmoja

Watu wa kikapu cha uwanjani wana dharau yao kwa watu wa kikapu cha kompyuta. Wanasema huyo kijana anayejiita kocha wa timu ya taifa kwenye mchezo wa mtandaoni hajawahi kunusa jasho la chumba cha kubadilishia nguo, hajawahi kupigiwa kelele na jukwaa zima, anacheza na namba tu. Sawa, anacheza na namba. Lakini wasikilize watu haohao wakianza kuijadili timu ya taifa ya kweli. Wanaijadili kana kwamba ni mali ya kocha: amwite fulani, amwache fulani, aletwe mzungu, afukuzwe mzungu. Kuna jambo moja ambalo kijana wa namba analijua na wao hawalijui. Timu ya taifa haina kitu chake. Kila ilichonacho imeazima.

Nitautumia mchezo wa BuzzerBeater kama mfano kwa sababu ndio ninaoujua. Upo mtandaoni tangu 2007. Hauna picha za kusisimua, hauhitaji simu ya bei mbaya, na bando lake ni dogo kuliko la kutazama video mbili. Kila anayejiunga anapewa klabu. Anaingia kwenye ligi ya timu 16, anacheza, analipa mishahara, anapanua uwanja, ananunua na kuuza. Kila msimu kuna drafti (si ile ya vizibo vya soda pale barazani) ambapo chipukizi wapya wa nchi hiyo hugawanywa kwa klabu. Juu ya yote hayo kila nchi ina timu mbili za taifa, ya wakubwa na ya vijana wa chini ya miaka 21, na makocha wake huchaguliwa kwa kura na wenye klabu wa nchi hiyo.

Sasa tazama alichoshinda huyo aliyechaguliwa. Hana mchezaji hata mmoja. Hawezi kununua, hawezi kuuza, hawezi kumfundisha mtu kurusha mpira. Wachezaji wote wapo mikononi mwa wenye klabu, na wengi wao wameuzwa nchi za mbali kwa watu ambao taifa lake haliwahusu ndewe wala sikio. Mazoezi yanaamuliwa na mwenye klabu. Dakika za kucheza zinaamuliwa na mwenye klabu, na mchezaji aliyechezeshwa kupita kiasi au aliyewekwa benchi wiki nzima anafika timu ya taifa fomu imekufa. Kocha wa taifa ana kitu kimoja tu: uwezo wa kuandika ujumbe. “Ndugu, habari za siku. Samahani kwa usumbufu. Wiki hii kuna mechi ya kufuzu, naomba kijana wetu apate kama dakika 60 hivi, zisizidi sana.” Akijibiwa, ashukuru. Asipojibiwa, aandike tena wiki ijayo, kwa adabu ileile.

Wanaodhani hii ni kazi ya ukarani hawajafika penye uchungu wake.

Katika mchezo huu mchezaji hupata zoezi kwa nafasi aliyochezeshwa kwenye mechi. Tuseme kuna chipukizi wa futi saba, mikono kama matawi ya mbuyu, na nchi nzima inamtaka awe senta. Senta anayejua kuokota ribaundi na kufunga chini ya ringi peke yake hafiki mbali kwenye mechi za mataifa. Anatakiwa ajue pasi, aweze kumiliki mpira, aweze kumlinda mtu aliye nje. Mazoezi hayo ni ya walinzi. Ili ayapate, lazima mwenye klabu amchezeshe huyu twiga kama mlinzi, mechi baada ya mechi, msimu baada ya msimu. Na kwa kuwa mwili mrefu hujifunza mambo ya nje polepole, subira yenyewe ni ya mwaka. Wakati huo klabu inapoteza mechi. Mtu anashuka daraja kwa ajili ya senta ambaye, akiiva, atavaa jezi ya nchi na kushangiliwa na watu wasiojua hata jina la klabu iliyomlea.

Bado haijaisha. Mshahara hupangwa kwa kufuata uwezo, na hupangwa upya kila msimu. Kadiri kijana anavyoiva ndivyo anavyoitafuna klabu. Timu ya taifa haichangii hata senti katika mshahara huo. Ndiyo maana senta mkubwa kabisa wa nchi mara nyingi ni mzigo ambao hakuna klabu yenye akili timamu inayoutaka: ghali kuliko faida yake kwenye ligi, lakini bila yeye taifa halina kitu katikati. Taifa linapata sifa, klabu inapata bili. Hapo ndipo kocha anaandika ule ujumbe mgumu kuliko wote, wa kumwomba mtu asiyemjua aendelee kula hasara.

Na watu hukubali. Si wote, lakini hukubali. Wanafanya hivyo bila malipo, bila kuitwa mashujaa, kwa sababu mtu aliwaandikia kwa heshima na akawaeleza mpango ni upi. Nimesoma manung'uniko mengi ya wenye klabu, na karibu kila mara lawama kubwa haiwi hasara. Lawama ni kwamba kocha alipotea. Aliomba wakati wa kampeni, akachaguliwa, akanyamaza.

Sasa turudi uwanjani kwenye jasho, ambako wenye dharau wanasema ndiko kwenye ukweli. Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74 kwa 73 kwenye mechi ya kufuzu AfroBasket. Tylor Ongwae ndiye aliyetupa mpira wa mwisho, muda ukiyoyoma. Angola wakati huo ilikuwa imeshatwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Kenya haikuwa imeonekana kwenye mashindano hayo tangu 1993. Wote tulishangilia ule mtupo, na kwa haki kabisa, maana ulikuwa mtamu. Kisha tukamsifu kocha Liz Mills, raia wa Australia, ambaye baadaye mwaka huohuo mjini Kigali alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye AfroBasket. Sifa hizo naye alistahili. Ila mabishano niliyoyasoma baada ya hapo yalikuwa yaleyale: je, tumpe mkataba mrefu, je, kocha mzalendo angeweza. Hakuna aliyeuliza juu ya wenye mali. Ongwae alikuwa mchezaji wa kulipwa Ulaya. Mikono ile ilikuwa inalishwa, inatibiwa na kufundishwa na watu wa Ulaya, mwezi baada ya mwezi, na siku za dirisha la kimataifa wakamwachia aende Yaoundé. Nani huwa anawaandikia watu hao? Nani anajua kocha wake wa klabu anamtumiaje, anamfundisha nini mwaka huu, ana jeraha gani dogo ambalo halijatangazwa? Kijana wa namba angekuwa na majibu hayo kwenye jedwali lake, mstari kwa mstari, kwa wachezaji 40.

Kwetu Tanzania tunapenda kulitaja jina la Hasheem Thabeet, na tuna haki. 2009, Memphis Grizzlies walimchukua akiwa namba 2 kwenye drafti ya NBA, mbele ya James Harden aliyechukuliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechukuliwa wa saba. Mtanzania. Lakini AfroBasket za 2009, 2011 na 2013 zote zilichezwa bila Tanzania. Mtu mmoja wa futi saba hakuweza kuibeba nchi, na haikuwa kazi yake kuibeba. Hata kwenye BuzzerBeater anayeanza hujifunza hili msimu wa kwanza: nchi inapata senta mkubwa kwa bahati ya drafti, na inapata timu kwa kuwaandikia watu kumi na tano kwa miaka mitatu. Sisi tulikaa kwenye sehemu ya bahati. Tulihesabu urefu wa mtu na mshahara wake.

Nisiwapake mafuta watu wa mchezo nao. Uchaguzi wao una ugonjwa ambao mtu yeyote aliyewahi kupiga kura ya serikali ya wanafunzi chuoni ataujua mara moja. Ilani ndefu. Ahadi za nusu fainali. Mgombea anayejua kupanga maneno anamshinda mgombea aliyekaa misimu minne akifuatilia chipukizi wa miaka 18 mmoja mmoja, kwa sababu huyu wa pili hana jambo la kuvutia la kusema isipokuwa orodha. Kisha mshindi anagundua kwamba kuandika ujumbe 40 kwa wiki ni kazi, na watu waliompa kura hawaoni ujumbe huo, wanaona matokeo tu. Anaanza kucheza na mbinu za mechi, jambo linaloonekana, na kuacha malezi, jambo lisiloonekana. Anayevuna matokeo ya uvivu huo ni kocha atakayekuja baada yake, misimu mitatu mbele, na huyo ndiye atakayefukuzwa.

Kuna kasoro nyingine ambayo ni ya mchezo wenyewe. Uraia humo ni muhuri. Chipukizi anazaliwa kwenye drafti ya nchi fulani na atakufa nayo. Nchi yenye wenye klabu wengi ina ligi nyingi, ligi nyingi zina drafti nyingi, na drafti nyingi zinazaa vipaji vingi. Nchi yenye watu wachache inabaki kuokota makombo. Watetezi wa utaratibu huu wanasema ndivyo dunia ilivyo, wakubwa wana wengi. Nawauliza, Sudan Kusini mnaiweka wapi?

Nchi iliyopata uhuru Julai 2011. Rais wa shirikisho lake la kikapu ni Luol Deng, aliyezaliwa Wau, akakimbia vita na familia yake hadi Misri, kisha London, akaichezea Uingereza kwenye Olimpiki za 2012 na kung'ara Chicago Bulls. Kwa hesabu ya mchezo wetu Deng ni Mwingereza, basi, faili limefungwa. Wenzake wengi aliowakusanya wangekuwa Waaustralia, Wamarekani, watu wa popote pale ambapo ukimbizi uliwatupa. Timu hiyo ilifika Kombe la Dunia la 2023, ikamaliza juu ya Waafrika wengine wote na kupata tiketi ya Paris. Julai 2024, mjini London, ilipoteza kwa pointi moja, 101 kwa 100, dhidi ya Marekani yenye LeBron James. Siku chache baadaye ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye Olimpiki yenyewe. Kocha wake alikuwa Royal Ivey, Mmarekani, na mwenye shauku ya kubishana juu ya kocha mgeni abishane. Mimi namtazama Deng. Kwa kipimo cha mchezo, yeye ndiye kocha wa taifa halisi: mtu asiyemiliki mchezaji hata mmoja, anayewapigia simu vijana waliotawanyika mabara manne na wazazi wao, akiwaomba wavae jezi ya nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuikanyaga, na akitumia fedha zake kuwakutanisha. Sheria za FIBA ziliruhusu mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Wengine wote walikuwa wana wa nchi hiyo, na walitakiwa watafutwe.

Wabunifu wa mchezo wanaweza kuniambia kwamba wakifungua mlango wa uraia wa asili, nchi kubwa ndizo zitakazoutumia kuiba. Ni hoja nzito na siidharau. Lakini mlango uliofungwa nao umeshachagua washindi, tena bila kuulizwa. Uwekwe angalau kwa idadi, kama FIBA wanavyofanya, mmoja au wawili kwa kila kikosi, na wenye klabu wa nchi ndogo wapewe sababu ya kuandika barua zao nje ya mipaka.

Kuhusu ile kauli kwamba yote haya ni mchezo tu: ndiyo, ni mchezo. Hakuna anayekufa njaa senta asipojua kutoa pasi. Hata hivyo namfahamu mtu aliyeshuka daraja mara mbili kwa ajili ya mchezaji wa taifa ambaye si hata wa nchi yake, kwa sababu kocha wa nchi ile alimwandikia kila Jumapili bila kukosa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hakuwahi kupata hata simu moja ya namna hiyo kutoka kwa watu waliokuwa wakiendesha timu ya mkoa aliyoichezea kwa miguu yake mwenyewe miaka sita.

Uchaguzi wa msimu ujao unakaribia na wagombea wameanza kumwaga ilani. Kura yangu ninayo. Atakayeitaka anitajie wenye klabu ambao ameshawaandikia mwezi huu, kabla ya kuchaguliwa, na wangapi kati yao walimjibu.