Harusi ya Siri Kando ya Ziwa

Huko Colorado, Marekani, wachumba wanaotoroshana hujifungisha ndoa wenyewe, bila kasisi wala shahidi, na sheria yawakubalia. Huchukua leseni, wakaelekea, tuseme, Maroon Lake karibu na Aspen mwishoni mwa Septemba, majani ya miti yakiwa yamegeuka rangi ya dhahabu na vilele vya Maroon Bells vikijitazama majini. Leseni hudumu siku 35 tu. Hivyo hawana budi kuyavizia majani hayo kabla hayajapukutika.

Kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yadai mashahidi wawili, na ndoa ya kiserikali hutanguliwa na ilani ya siku 21. Vijana huona huo ni usumbufu. Kuhusu kamati za harusi na michango yake siwalaumu. Zimetuchosha hata sisi walimu. Ila shahidi si pambo: ndiye atakayeitwa siku mmoja atakapoikana ndoa. Na aliyepata wasaa wa kuchagua ziwa, mpiga picha na juma la majani, hakosi wasaa wa kumwandikia mama barua, asije akapashwa habari na jirani aliyeiona picha.