Chunusi sugu: kidonge kinachotibu, na masharti yake

Kila tukigusa mada ya afya kwenye kipindi, ujumbe wa chunusi hauchelewi kuingia. Mara nyingi si vipele vya kubalehe. Ni chunusi zinazoota ndani kama majipu, zinauma, zinajaa usaha, na zikipona zinaacha mashimo usoni na makovu mgongoni. Siku hizi linafuata swali: kuna vidonge vinavyozimaliza kabisa, vinapatikana wapi?

Vidonge hivyo vipo. Vinaitwa isotretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982. Husinyaza tezi za mafuta kwenye ngozi, na kwa wagonjwa wengi miezi minne hadi sita inatosha kumaliza mateso ya miaka. Hatuandiki haya ili watu waikimbie.

Lakini tazama Uingereza walivyofanya. Oktoba 31, 2023 lilianza kutumika sharti kwamba kijana wa chini ya miaka 18 asianzishiwe dawa hii mpaka wataalamu wawili wenye kibali cha kuandika dawa wakubaliane kwamba chunusi zake ni kali na tiba nyingine zimeshindwa. Kabla ya kuanza anaelezwa kuhusu afya ya akili na matatizo ya tendo la ndoa, kisha anafuatiliwa. Nyuma ya masharti hayo kuna vilio vya wagonjwa na familia, nyingine zikiwa zimepoteza watoto kwa kujiua. Wataalamu waliopitia ushahidi hawakuweza kusema kwa hakika kwamba dawa ndiyo chanzo, maana chunusi kali peke yake humfungia mtu ndani na kumvunja moyo. Hata hivyo hawakuzipuuza familia. Kwetu sisi huo ni uamuzi wa busara.

Kuhusu ujauzito hakuna ubishi. Dawa hii hudhuru vibaya ubongo, moyo na uso wa mtoto aliye tumboni, na mimba nyingi huharibika. Ndiyo maana Marekani tangu 2006 mgonjwa, daktari na duka la dawa wote wanaandikishwa kwenye mfumo mmoja, na mwanamke anayeweza kushika mimba anapimwa mara kwa mara. Mfumo huo una karaha zake: Desemba 2021 ulipohamishiwa tovuti mpya, wagonjwa wengi walishindwa kuingia na wakakwama bila dawa.

Huku kwetu kero ni tofauti. KCMC ya Moshi imefundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, lakini bado ni wachache na wengi wako mijini. Binti wa wilayani anaanzia duka la vipodozi. Anatoka na krimu yenye steroidi, au mkorogo ambao hata muuzaji hajui umechanganywa nini. Wiki ya kwanza uso unatulia, kwa sababu steroidi hushusha uvimbe, na anawasifia wenzake. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, akiacha vipele vinarudi kwa kishindo, kwani steroidi yenyewe huotesha chunusi. Anaipaka tena. Hofu yetu ni isotretinoini kupita njia hiyohiyo: picha kwenye WhatsApp, bei, bodaboda mlangoni, bila kipimo cha mimba wala cha ini na mafuta kwenye damu.

Kabla ya kufika huko zipo dawa za kupaka, kama benzoyl peroksaidi na adapalene, ila zinataka uvumilivu wa miezi miwili au zaidi, na wengi huziacha wiki ya tatu.

Daktari akikuandikia vidonge hivi, mwambie kama unatumia doksisaiklini, kwa sababu zikikutana presha inaweza kupanda ndani ya kichwa. Midomo itakauka, na wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuzidi. Ukiona huzuni isiyo ya kawaida, rudi kwake siku hiyohiyo. Mwanamke aanze uzazi wa mpango mwezi mmoja kabla, aendelee hadi mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Usimgawie rafiki hata kimoja. Na usichangie damu mpaka mwezi upite tangu umalize, maana huenda akawekewa mama mjamzito.